Je, wajua? Akili unde na hati zilizoshindikana kusomwa

Mwaka 79 baada ya Kristo mlima Vesuvius ulilipuka na kuufukia mji wa Herculaneum, Italia. Maktaba ya nyumba moja kubwa ikageuka makaa. Magombo yake yalifukuliwa miaka ya 1750, lakini mengi yaliyolazimishwa kufunguka yalivunjikavunjika.

Mwaka 2023 maneno yakaanza kusomeka bila gombo kufunguliwa. Lilipigwa picha za eksirei kutoka kila upande, kompyuta ikalikunjua kwenye skrini, kisha programu ya akili unde ikafundishwa kuutambua wino. Si mchezo: wino ule ni wa masizi, na umekaa juu ya makaa. Februari 2024 vijana watatu, mmoja wao Mmisri Youssef Nader, walitwaa zawadi ya dola 700,000 kwa kazi hiyo. Na mwandishi wa gombo hilo alikuwa anasimulia nini? Raha, muziki na chakula!

Huku kwetu Isaka, Tanzania, mtu atasema hayo ni ya Wazungu. Hapana, nasi tuna hati za kale. Kabla ya reli na bandari kavu, misafara ya pwani ilifika Tabora, mingine ikashika njia ya kaskazini kuelekea Karagwe, na wenye mali waliandikiana kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Mfanyabiashara Tippu Tip aliandika habari za maisha yake kwa herufi hizo. Barua kongwe za Kiswahili zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711. Leo ziko Goa, India.

Kuzisoma ni kazi. Kiarabu hakina herufi ya "p", kwa hiyo waandishi wengi wa zamani walitumia ile ya "b", na "m" iliyotangulia "b" mara nyingi haikuandikwa. Basi bata, pata na mbata huweza kuandikwa sawasawa. Alama ya "u" ndiyo hiyo hiyo ya "o": kuku na koko havitofautiani. Msomaji anaamua kwa kuangalia sentensi nzima.

Programu za kusoma mwandiko, kama Transkribus, hufanya karibu hivyo. Hukata ukurasa mstari kwa mstari, kisha hukisia herufi kwa kutazama majirani zake. Ila hujifunza kutokana na kurasa ambazo binadamu amekwisha kuzisoma na kuzinakili. Zikikosekana, mashine hubahatisha. Mwaka 2018 zilivuma habari kwamba programu moja imeikisia hati ya Voynich, ambayo haijasomwa na mtu hadi leo, kuwa ni ya Kiebrania, lakini wataalamu hawakukubali.

Kwa maoni yangu, tulichopungukiwa si kompyuta bali kurasa zilizonakiliwa, na wazee wanaozisoma hawatakuwepo siku zote. Kama kwenu Kahama, Tabora au Ujiji kuna barua ya babu sandukuni, usiitie laminesheni wala gundi. Ipige picha mchana, pande zote mbili, kisha mtafute mzee aliyesoma chuo cha Kurani akusomee, nawe uandike neno kwa neno.