Ngurumo ya Jua Isiyosikika Ngorongoro

Mwalimu wa Karatu akiwapandisha wanafunzi hadi ukingo wa kasoko ya Ngorongoro, yapata mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, redio yao haitanasa ngurumo ya mawingu mawili ya gesi ya Jua yagonganapo. Mshindo huo huzisukuma elektroni, nazo hutoa mawimbi marefu ya redio; lakini ionosfia, ileile iletayo matangazo ya masafa mafupi kutoka ng'ambo, huyazuia. Ndiyo maana yalinaswa na chombo cha angani Wind, tarehe 10 Juni 2000, wingu la kasi lilipolifikia la polepole.

Yafaa nini kuyajua? Mei 2024 mawingu yaliyoungana njiani yalizusha dhoruba ya sumaku, ikayapotezea mwelekeo matrekta ya Marekani yaongozwayo kwa satelaiti, wakati wa kupanda. Mawingu ya kutazamwa na mkulima si ya mvua peke yake.