Bei ya Tarehe: Waliongoja Reli Mpya ya London

Tarehe 31 Agosti 2018 wakazi wa London waliambiwa waendelee kusubiri. Reli mpya ya kupita chini ya katikati ya jiji lao, iliyojulikana wakati ule kwa jina la mradi, Crossrail, ilikuwa ifunguliwe Desemba ya mwaka huohuo. Wakuu wa mradi walisema sasa itakuwa majira ya vuli ya 2019. Vuli hiyo nayo ikapita. Abiria wa kwanza walipanda treni katika njia hiyo, iliyokwisha kupewa jina la Malkia Elizabeth, tarehe 24 Mei 2022. Gharama iliyokuwa imepangwa pauni bilioni 14.8 ilikuwa imekaribia bilioni 19.

Habari za reli hii zimeandikwa sana kwa upande wa uhandisi. Kwa mtu wa biashara, jambo zito zaidi ni ile tarehe ya Desemba 2018. Chombo cha umma kikitangaza siku ya kufungua reli, tarehe hiyo inaingia sokoni kama mali: inauzwa, inakopewa, inapangishwa. London waliifanyia biashara kwa miaka mingi kabla treni haijabeba abiria hata mmoja chini ya mitaa yao.

Tuanze na nyumba. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya mradi mwaka 2008, na ramani ya stesheni ikawa wazi kwa kila dalali. Maeneo kama Abbey Wood, Woolwich, Ilford na Southall, ambayo wenye fedha hawakuwa na haja nayo, yaliingia kwenye matangazo ya nyumba yakiwa na dakika zilizohesabiwa. Kutoka Abbey Wood hadi Canary Wharf, penye minara ya mabenki, ni dakika 11. Pale Woolwich kampuni ya nyumba ya Berkeley ilijenga yenyewe boma la stesheni chini ya mradi wake, kwa sababu ilijua stesheni ndiyo ingeuza vyumba vya juu. Mnunuzi wa mwaka 2015 alilipa bei ya treni ya mwaka 2018. Treni haikuja, lakini riba ya mkopo wa nyumba ilikuja kila mwezi. Mpangaji naye alikuwa ameshapandishiwa kodi kwa ajili ya safari ambayo haikuwepo.

Canary Wharf penyewe ndipo pa kujifunzia. Ujenzi wa Crossrail ulizinduliwa hapo Mei 2009. Kampuni inayomiliki eneo hilo ilikubali kujenga stesheni kwa bei isiyobadilika ya pauni milioni 500, na milioni 150 kati ya hizo zikatoka mfukoni mwake. Juu ya stesheni iliweka maduka, migahawa na bustani yenye paa la mbao, na sehemu hiyo ikafunguliwa Mei 2015. Wenye maduka walipanga juu ya stesheni isiyo na treni kwa miaka saba. Stesheni yenyewe, iliyotangulia zote kuanza kujengwa, ilikabidhiwa kwa TfL, mamlaka ya usafiri ya jiji, Januari 2022. Zege lilikamilika mapema sana. Reli haikuwa imekamilika.

Hapo ndipo kosa kubwa lilipolala. Mashine nane zilichimba kilomita 42 za mahandaki, na Juni 2015 Waziri Mkuu David Cameron na Meya Boris Johnson walishuka chini kusherehekea mwisho wa kuchimba. Machoni pa watu, kazi ngumu ilikuwa imekwisha. Ukweli ni kwamba kazi ngumu ilikuwa haijaanza. Treni za njia hii hutembea juu ya mifumo mitatu tofauti ya ishara: mmoja wa kisasa kwenye mahandaki ya katikati, mwingine upande wa uwanja wa ndege wa Heathrow, na ule wa zamani kwenye reli za nje ya jiji. Programu iliyomo ndani ya treni inapaswa kuhama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine bila kuyumba, na kila stesheni lazima izungumze na treni kuhusu milango, moshi, umeme na mawasiliano. Haya hayaonekani kwenye picha za magazeti. Novemba 2017, umeme ulipowashwa kwenye kituo cha Pudding Mill Lane mashariki mwa jiji, transfoma ililipuka, na majaribio ya treni yakasogea kwa miezi. Badala ya kusogeza tarehe ya kufungua, waliukata muda wa majaribio. Mafundi wakawa bado wanafunga mitambo mahali ambapo wenzao walitakiwa waijaribu.

Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza ilisema hayo waziwazi katika ripoti yake ya Mei 2019. Mradi ulikuwa na mikataba mikuu 36, na hapakuwa na mpango wa kina wa kutosha wa kuiunganisha; wasimamizi wakaing'ang'ania Desemba 2018 hata dalili zilipowakataza. Mikataba ya namna hii, ikibanwa na tarehe, huzaa madai. Kila mkandarasi anayemngoja mwenzake ana watu na mitambo ya kulipia, na bili hiyo hurudi kwa mwenye mradi.

Na mwenye mradi ni nani? Tangu Aprili 2010 wafanyabiashara wenye majengo makubwa London wanalipa tozo ya ziada juu ya kodi ya majengo ya biashara, mahususi kwa reli hii. Wajenzi wa majengo mapya nao wanatozwa tangu 2012. Fedha zilipopungua Desemba 2018, serikali ya jiji ilikopeshwa hadi pauni bilioni 1.3, na mwaka 2020 ikakopa milioni 825 nyingine. Mikopo hiyo inarudishwa kwa tozo zilezile. Mwenye hoteli au duka kubwa aliyeahidiwa wateja mwaka 2018 alikuwa ameshalipa miaka minane kabla ya tarehe hiyo, na kuchelewa kukamwongezea deni badala ya punguzo. Hili naliona ni jambo la dhuluma. Aliyekosea kupanga hakulipia. Aliyeamini ndiye aliyelipa.

Reli yenyewe ni bora, na London ingekuwa maskini zaidi bila hiyo. Ina urefu wa zaidi ya kilomita 100, stesheni 41, na treni za mita 200 zinazobeba watu 1,500 kila moja. Abiria walijaa upesi baada ya kufunguliwa, hata kabla stesheni ya Bond Street haijaungana na nyingine Oktoba 2022. Ila jiji lililokuwa likiingoja lilikuwa limebadilika. Korona iliwafundisha watu kufanya kazi nyumbani, na Juni 2023 benki ya HSBC ikatangaza kuhama Canary Wharf kurudi katikati ya London. Aliyefungua mgahawa juu ya stesheni ile kwa hesabu za 2015 alikuwa akiwangojea makarani ambao wengine hawakurudi.

Sisi wa Tanzania tunaijua habari hii kwa njia yetu. Mkataba wa kipande cha reli ya kisasa kati ya Dar es Salaam na Morogoro ulisainiwa mwaka 2017 kwa miezi 30. Abiria walianza kusafiri tarehe 14 Juni 2024. Sasa reli inajengwa kuelekea Mwanza, na viwanja vinauzwa kwa jina la stesheni. Msomaji unayetaka kununua, usiishie kutazama tuta na nguzo. Uliza kama vichwa vya treni na mabehewa vimefika, kama umeme umewashwa kwenye njia nzima, na kama treni tupu zimeanza majaribio kwa ratiba kamili. London walifanya majaribio ya ratiba tangu Mei 2021, wakahitaji mwaka mzima kufika siku ya kufungua. Kama muuzaji hana jibu la maswali hayo matatu, lipa bei ya kiwanja kisicho na stesheni.