Fizikia ya Upinde Katika Msitu wa Ituri

Kaskazini ya mji wa Beni, barabara inayopita Oicha na Eringeti kuelekea Komanda huacha mashamba ya kakao na kuingia katika msitu mkubwa wa Ituri. Humo ndimo Bambuti, watu wa asili wa msitu huo, walimokuza ustadi wao wa kuwinda. Si wote wanaotumia silaha moja. Baadhi ya makundi hutegemea nyavu, lakini Efe, wanaoishi jirani na wakulima wa Kilese, wanajulikana hasa kwa upinde. Mtafiti Mjapani Hideaki Terashima alieleza katika makala yake ya 1983 jinsi wapiga mishale wanavyofanya mota, yaani msako wa pamoja. Wapiga mishale huzunguka sehemu ya msitu, kisha mmoja wao huingia na mbwa kuwatoa mboloko na paa wengine vichakani. Mnyama hupita mbele ya mwindaji kwa kitambo kidogo sana. Mshale wa kwanza ukikosa, aghalabu hakuna nafasi ya pili.

Ndiyo maana ustadi wenyewe haupimwi kwa nguvu za mkono peke yake. Unapimwa kwa uwezo wa kurudia tendo lilelile bila kubadilika.

Hesabu ndogo inaonyesha sababu. Mpigaji akikosea mwelekeo kwa nyuzi 1 tu, mshale uliokwenda mita 20 hupotoka kwa sentimita 35 hivi, na hiyo yatosha kumkosa mboloko mzima. Kosa la kuvuta nalo si dogo. Tuchukue mfano wa upinde unaovutwa sentimita 40 na kurusha mshale kwa mita 40 kwa sekunde. Mpigaji akiishia sentimita 38, kasi hushuka hadi karibu mita 38. Mshale utachelewa kidogo njiani, na uvutano wa ardhi utaushusha sentimita 13 hivi zaidi kabla ya kufika mita 20. Sentimita 2 za mkono zimezaa sentimita 13 shabahani.

Wapiga mishale wa Olimpiki, ambao hulenga shabaha iliyo umbali wa mita 70, hutatua tatizo hili kwa kuvuta ugwe hadi mahali palepale chini ya kidevu kila mara. Wanawake wa Korea Kusini wameshinda dhahabu ya timu katika michezo yote kuanzia 1988 hadi 2024, mara 10 mfululizo, na marudio ya namna hiyo ndiyo kiini cha mazoezi yao. Upinde wa Bambuti ni mfupi, mara nyingi haufiki mita 1, kwa hiyo hauwezi kuvutwa mbali hivyo. Mwindaji hujifunza kipimo chake kwa misuli, na mafunzo huanza mapema: watoto wa kiume hupewa vipinde vidogo na kucheza navyo kambini miaka mingi kabla ya kufuata wakubwa kwenye mawindo.

Yanayofuata baada ya vidole kuachia ugwe hayaonekani kwa jicho. Katika miaka ya 1930 mhandisi Mmarekani Clarence Hickman alitumia kamera ya kasi kubwa kuyanasa. Picha zilionyesha kwamba mshale hauondoki ukiwa umenyooka. Ugwe unapoteleza vidoleni husogea kidogo upande, huku ukiusukuma mshale kwa ghafla kutoka nyuma. Uti wa mshale hupinda, huizunguka fimbo ya upinde, kisha hupinda upande wa pili, na kuendelea kutikisika hivyo hewani kama samaki anayeogelea hadi mtikisiko utulie.

Kwa sababu hiyo upinde na mshale lazima vipatane. Uti mgumu mno haupindi vya kutosha, hugonga fimbo na kwenda kando. Uti laini mno hupinda kupita kiasi, nao hupotea. Mchongaji anayechagua kijiti, kukinyoosha na kukipunguza unene anarekebisha ukakamavu huo, hata kama hajawahi kuingia katika darasa la fizikia. Na vidole vikiachia ugwe leo hivi na kesho vingine, mtikisiko hubadilika na kazi yote ya mchongaji hupotea.

Mkiani mwa mshale wa Ituri kuna jambo linalostahili kutazamwa. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Tanzania, hufunga manyoya ya ndege kwenye mishale yao mirefu. Bambuti huupasua uti kidogo na kupachika kipande cha jani. Kazi ni moja: hewa hukishika kile kipande na kukivuta nyuma, mkia ukabaki nyuma na ncha ikatangulia. Ugwe wao nao ni utepe uliopasuliwa kutoka kekele, mmea unaotambaa humohumo msituni. Mishale yenye kigumba cha chuma hutumika kwa paa. Ile ya mti mtupu, iliyopakwa sumu ya mimea, hurushwa juu kwa nyani na kima. Mshale wa sumu hauhitaji kupenya sana, kwa hiyo unaweza kuwa mwepesi na kuruka kwa kasi.

Elimu hii imo hatarini. Mauaji yaliyoanza kuzagaa katika eneo la Beni mwaka 2014 yamewatoa Bambuti wengi msituni na kuwasukuma kandokando ya barabara na miji, ambako mtoto hana mahali pa kujifunzia. Sheria ya Kongo ya Julai 2022 kuhusu haki za watu wa asili Pygmée imekwisha kutoa msingi wa kuuheshimu urithi wao. Butembo, mwendo wa kilomita hamsini na kitu kutoka Beni, ina Chuo Kikuu Katoliki cha Graben tangu 1989. Mizani ya kuning'iniza, rula na simu yenye kamera ya kasi vinatosha kupima nguvu ya upinde, ukakamavu wa uti na kasi ya mshale. Walimu na wanafunzi wa fizikia wa Butembo waifanye kazi hiyo sasa, kwa ridhaa ya wazee wa Bambuti, kwa malipo ya haki, na kwa kuwataja wazee hao kuwa walimu wa somo hilo.