Ruzuku za njia za baiskeli Uingereza: Nani huvuna, nani hubaki na stoo iliyojaa

SERIKALI inapotangaza ruzuku ya kujenga njia za waendao kwa miguu na za baiskeli, wanaochangamka kwanza ni wauza baiskeli na wenye hisa za kampuni zao. Mwenendo wa soko la Uingereza tangu mwaka 2020 unaonyesha kuwa fedha hizo hupita kwenye mikono mingi kabla ya kumfikia mwenye duka, na kwamba anayeagiza mali kwa kutegemea tangazo peke yake hujiweka pabaya.

Mei 9, 2020, wakati ugonjwa wa corona umepunguza nafasi za abiria katika mabasi na treni, Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Grant Shapps, alitangaza mpango wa pauni bilioni 2 za kuwawezesha watu kutembea na kuendesha baiskeli. Kati ya hizo, pauni milioni 250 zilikuwa za dharura. Jumatatu iliyofuata, bei ya hisa za Halfords, muuzaji mkubwa wa baiskeli na vipuri vya magari aliyeorodheshwa katika Soko la Hisa la London, ilipanda kwa kasi.

Hata hivyo, aliyesoma tangazo hilo hadi mwisho aliona kuwa fedha nyingi hazikuwa za kununulia baiskeli.

Fedha hupita wapi

Ruzuku hizi, ambazo kwa sehemu kubwa zinahusu England, hupewa halmashauri. Halmashauri hutangaza zabuni, na mkandarasi ndiye anayelipwa kwa kazi ya lami, kingo za zege, nguzo za plastiki, taa, rangi na alama za barabarani. Kwa hiyo mnufaika wa kwanza ni mjenzi na anayemuuzia mjenzi vifaa.

Fungu lililolengwa moja kwa moja kwa mafundi wa baiskeli lilikuwa dogo: pauni milioni 25 za vocha za matengenezo, kila vocha ikiwa na thamani ya pauni 50. Vocha 50,000 za kwanza zilitolewa mwishoni mwa Julai 2020 na kugombewa kiasi cha kuuzidi nguvu mtandao uliokuwa ukizigawa. Kwa fundi mwenye karakana ndogo, huyo alikuwa mteja anayekuja na malipo yake mkononi. Lakini vocha ikishatumika imekwisha, na fundi hurudi kwenye wateja wake wa kawaida.

Haraka na hasara yake

Mgawo wa kwanza wa fedha za dharura, wa takribani pauni milioni 42, ulikuwa na sharti kali: kazi ianze ndani ya wiki nne baada ya halmashauri kupokea fedha, na ikamilike ndani ya wiki nane. Hakukuwa na nafasi ya kutosha ya kuuliza wenye maduka magari ya mizigo yatashushia wapi.

Matokeo yake yalionekana katika mtaa wa maduka wa Kensington High Street, London. Njia ya baiskeli iliyotengwa kwa nguzo za plastiki iliwekwa msimu wa vuli wa 2020, na kufikia mwanzoni mwa Desemba halmashauri ilikuwa inaing'oa, takribani wiki saba tu baada ya kuanza kutumika, kufuatia malalamiko ya wafanyabiashara na wakazi. Fedha za umma zilitumika kuweka, zikatumika tena kuondoa.

Serikali ilibadili masharti. Mwongozo wa usanifu uliotolewa Julai 2020 ulieleza kuwa njia ya baiskeli iliyotengwa kwa mstari wa rangi peke yake katika barabara yenye magari mengi isitarajie ruzuku. Mgawo wa pili, wa pauni milioni 175, uliotangazwa Novemba 2020, ulizitaka halmashauri ziwashauri kwanza wakazi na wafanyabiashara. Mwaka 2022 kikaanzishwa chombo cha kusimamia fedha hizi, Active Travel England, chenye makao yake York, kikiongozwa na Chris Boardman, bingwa wa zamani wa Olimpiki wa mbio za baiskeli. Chombo hicho huzipa halmashauri daraja kuanzia 0 hadi 4 kulingana na uwezo wake, na daraja huathiri mgawo. Mkandarasi anayetaka kununua mitambo kwa kutegemea zabuni za halmashauri fulani hana budi kuangalia daraja lake kwanza.

Bomba hufunguliwa na kufungwa

Pigo lilikuja Machi 2023. Serikali ilipunguza fedha zilizotengwa kwa ajili ya njia hizi kutoka pauni milioni 308 hadi milioni 100 kwa miaka miwili iliyofuata, yaani theluthi mbili ya fungu ilikatwa. Juni mwaka huo, Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilieleza katika ripoti yake kuwa kutokuwa na uhakika wa fedha kunazikwamisha halmashauri kupanga kazi.

Soko la baiskeli nalo lilikuwa limegeuka. Wauzaji waliokuwa wamejaza stoo wakati wa corona walijikuta na mali isiyotoka. Oktoba 2023, Wiggle, mmoja wa wauzaji wakubwa wa baiskeli kwa njia ya intaneti, iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi baada ya kampuni mama, Signa Sports United ya Ujerumani, kukosa fedha. Haitakuwa sahihi kusema kupunguzwa kwa ruzuku ndiko kulikoiangusha. Somo kwa mwekezaji ni kwamba ahadi za serikali za 2020 hazikumkinga muuzaji mahitaji yaliposhuka.

Juni 2025 serikali iliyopo ilitenga pauni milioni 616 kwa miaka minne kuanzia 2026/27. Ukigawa, ni wastani wa pauni milioni 154 kwa mwaka, chini ya mgawo mmoja wa Novemba 2020. Pamoja na hayo, fedha ndogo inayojulikana kwa miaka minne humsaidia mkandarasi kupanga ajira na mitambo kuliko fedha nyingi isiyojulikana itakatika lini.

Mwenye duka ahesabu mwenyewe

Hofu ya wenye maduka ni moja kila mahali: gari likizuiwa kuegesha, mteja atakwenda kwingine. Mwaka 2006 asasi ya Sustrans ililinganisha makisio ya wenye maduka mjini Bristol na majibu ya wateja wenyewe. Wafanyabiashara walikisia kuwa asilimia 41 ya wateja huja kwa gari. Waliokuja kwa gari walikuwa asilimia 22. Sustrans inatetea baiskeli, hivyo msomaji ana haki ya kutaka hesabu nyingine. Hesabu hiyo anaweza kuipata dukani mwake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kuunga mkono au kupinga njia mpya mbele ya duka, andika kwa wiki moja: mteja amefikaje, amenunua kiasi gani, na huja mara ngapi. Kisha andika saa ambazo mzigo wako hushushwa. Mfanyabiashara anayekwenda kwenye kikao cha halmashauri na takwimu hizo anaweza kudai sehemu na saa za kushushia mzigo kabla michoro haijapitishwa. Kungoja hadi nguzo zichimbiwe ni kulipa mara mbili, dukani na kwenye kodi.