Baiti 184 Sio Uzito wa Kamusi Yako

Swali hili nimeulizwa tena wiki hii na kijana anayeandikia programu ofisi ya wanunuzi wa dhahabu: “Nimepima kamusi yangu ya Python kwa sys.getsizeof, nimepata baiti 184. Mbona kompyuta inaishiwa kumbukumbu?” Wa Katoro wanauliza hivyo, wa Kahama vilevile. Jibu langu ni moja: hujaipima.

Tangu soko la dhahabu la Geita lifunguliwe Machi 2019, ununuzi unataka kumbukumbu kamili: uzito, usafi, bei, mrabaha. Ni kawaida kabisa mwandishi wa programu kuyapanga hayo kwenye kamusi, jina la mji likiwa ufunguo na orodha ya mauzo ikiwa thamani. Kosa linaanzia kwenye kupima.

Fanya jaribio hili mwenyewe kwenye kompyuta ya biti 64 yenye Python toleo la 3.11 au la baadaye. Tengeneza kamusi yenye ufunguo “Geita” na thamani 0, uipime. Utapata 184. Sasa iondoe ile 0, weka orodha ya uzito milioni moja, kila mmoja ukiwa 2.35, iliyoundwa kwa [2.35] * 1000000, upime tena. Utapata 184. Hakuna hata baiti moja iliyoongezeka! Ukiipima orodha yenyewe, ni baiti 8,000,056.

Kamusi haibebi thamani tumboni. Inabeba anwani za mahali thamani zilipo, na sys.getsizeof inahesabu kile kilicho cha kamusi yenyewe tu. Ni sawa na kuweka daftari la stoo kwenye mizani, kisha kutangaza kwamba huo ndio uzito wa mifuko ya mbale, yaani mawe yenye dhahabu, iliyoandikwa humo. Maelezo rasmi ya Python yanalisema hili waziwazi, katika sentensi moja. Yasomeni, jamani, kabla ya kumwambia mwenye ofisi anunue kompyuta nyingine.

Wapo waliokwisha kuligundua hilo, wakajitengenezea dawa mbaya zaidi: kitanzi kinachojiita chenyewe ili kuingia ndani ya kila thamani, kinapima, kinajumlisha. Kinasambazwa kwa kunakiliwa kama vile kimethibitishwa. Kipelekeni kwenye orodha ile ya jaribio. Kitajumlisha baiti 24 za namba 2.35 mara milioni moja, yaani baiti 24,000,000, wakati ndani ya kumbukumbu namba hiyo ipo moja tu na nafasi zote milioni zinaielekea. Namba hizo zingekuwa zimeundwa mojamoja, hesabu hiyo ingekuwa sahihi. Kitanzi hakina njia ya kutofautisha hali hizo mbili, kwa sababu hakikumbuki kilichokwisha kukipima. Na kamusi ya tawi la Katoro ikiwa na ufunguo unaoelekea ofisi kuu, na ofisi kuu ikiwa na orodha ya matawi yake, kitazunguka humo hadi Python iikatishe programu kwa RecursionError. Mtu anayeitegemea hesabu ya namna hii hana kipimo, ana namba tu.

Basi sema kwanza unataka ukubwa gani. Idadi ya mauzo? len ya orodha husika inatosha. Baiti zitakazosafiri kwenye mtandao kwenda ofisi kuu? Igeuze kamusi kuwa JSON, iwe baiti za UTF-8, uhesabu urefu wake. Kumbukumbu inayoliwa na kamusi pamoja na vyote vilivyomo? Maktaba ya Pympler ina asizeof, ambayo haihesabu kitu kimoja mara mbili. Unataka kujua programu nzima inameza wapi? Tumia tracemalloc, ipo ndani ya Python tangu toleo la 3.4, iwashe kabla ya kupakia data, sio baada. Wanaotumia pandas, memory_usage na deep=True.

Ukishapima vizuri, angalia ganda, yaani kamusi yenyewe bila vilivyomo. Mauzo ya vipengele vinne yakiwekwa kwenye kamusi yake, ganda hilo pekee linachukua baiti 184, na namba nne za desimali zilizomo ni baiti 96. Uzito mtupu unaweza kukaa kwenye array ya aina “d” kwa baiti 8 kila mmoja. Na vipimo vifanyike kwa toleo la Python lililoko ofisini kwa mteja, kwa sababu kamusi hiyohiyo kwenye toleo la 3.10 ina baiti 232.