Jiko la makaa chumbani: Joto na sumu husafiri pamoja

KILA mwaka, kuanzia Juni hadi Agosti, baridi inapozidi kule Limuru, Kinangop na Nyahururu, na hata mitaani Nairobi, jiko la makaa huingizwa katika chumba cha kulala. Mlango hufungwa, dirisha hufungwa, na nguo kuukuu husukumwa chini ya mlango ili joto lisitoroke. Msomaji, hapo ndipo hatari huanzia.

Kwanza tuangalie jinsi joto linavyoenea nyumbani. Ukiketi karibu na jiko, joto hukupiga moja kwa moja kama jua; ndiyo sababu kifua huungua huku mgongo ukiganda. Lakini chumba kizima hupata joto kwa njia ya hewa. Hewa iliyo juu ya makaa hupata moto, huwa nyepesi na kupanda hadi darini. Huko husambaa, hupoa kando ya kuta na kuteremka, kisha huvutwa tena jikoni. Mzunguko huo huendelea usiku kucha.

Katika nchi za baridi kama vile Marekani na Kanada, nyumba nyingi hutumia tanuri. Moto huwaka ndani ya kasha la chuma na moshi hutolewa nje kwa bomba. Hewa ya nyumba hupita upande wa pili wa chuma hicho, hupata joto, kisha feni huisukuma kwa mabomba ya bati hadi vyumba vyote. Moto na hewa ya kuvuta havichangamani. Hata hivyo, chuma kikipasuka au bomba likiziba, watu hudhurika. Kwa hivyo wenye nyumba hushauriwa kuweka king'ora cha kutambua gesi.

Jiko letu halina kasha wala bomba. Hewa inayobeba joto ndiyo hiyo hiyo inayobeba sumu, na ukizuia moja isitoke umezuia zote mbili.

Sumu hiyo ni gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Wengi huamini kwamba makaa yakishakolea na kuacha kutoa moshi, hatari imekwisha. Sivyo. Makaa mekundu yasiyo na moshi, na hata yaliyofunikwa na jivu, bado huitoa. Jiko lenye udongo ndani hupunguza matumizi ya makaa, lakini haliondoi gesi hii. Sufuria ya maji juu ya jiko pia haisaidii.

Ukiivuta, gesi hii hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu huendelea kuzunguka, lakini ubongo na moyo hukosa oksijeni. Aliyelala huenda asiamke.

Nakumbuka asubuhi moja ya Julai nilipoletewa mama na watoto wake wawili. Wote walikuwa wakiumwa na kichwa na kutapika, na jirani aliyewaleta alidhani ni malaria. Hakuna aliyekuwa na homa. Nilipouliza walilala vipi, mama akajibu, "Daktari, tulilala na jiko." Walipona kwa sababu mtoto mmoja aliamka kwenda haja akaacha mlango wazi.

Dalili zenyewe ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu na kuchanganyikiwa. Shuku gesi hii iwapo watu wa nyumba moja wanaugua pamoja bila homa, na hupata nafuu wakitoka nje. Waja wazito, watoto wachanga, wazee na wagonjwa wa moyo hudhurika zaidi.

Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua mlango, mtoe nje upesi, kisha mpeleke hospitalini hata akisema amepata nafuu. Mweleze daktari kwamba kulikuwa na jiko chumbani, kwani kile kipimo kinachobanwa kidoleni huweza kuonyesha oksijeni ya kutosha ilhali haitoshi. Katika hewa ya kawaida, nusu ya gesi huchukua saa nne hadi tano kutoka katika damu. Kwa oksijeni ya hospitali, muda huo hupungua hadi takriban saa moja au moja na nusu.

Ikiwa ni lazima uote moto, fanya hivyo mngali macho, dirisha na mlango vikiwa wazi. Kabla ya kulala toa jiko nje kabisa, wala usiliache kwenye korido au sebuleni. Kisha pasha mwili joto badala ya chumba: vaa soksi na sweta, ongeza blanketi, na uweke chupa ya maji moto iliyofungwa kwa kitambaa miguuni. Usiku utakuwa na baridi kidogo, lakini nyote mtaamka.