Fahamu: Antioksidanti ni nini, na karafuu ina nini?

Antioksidanti ni kemikali zinazopunguza madhara ya radikali huru, molekuli korofi ambazo mwili huzizalisha wenyewe na ambazo moshi wa sigara huziongeza. Vitamini C na E ni miongoni mwake.

Karafuu

Karafuu ya Pemba ina yujenoli kwa wingi, ndiyo inayoipa harufu. Madaktari wa meno huichanganya yujenoli hiyo na oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda.

Maabara si mwili

Kwenye chupa za maabara, karafuu hushinda viungo vingi kwa nguvu ya antioksidanti. Hata hivyo, mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa mtandaoni jedwali lake la vipimo vya nguvu hiyo: havikuthibitisha faida mwilini, na wauza virutubisho walivigeuza tangazo. Vidonge vya antioksidanti navyo vina historia mbaya. Utafiti wa Finland uliotolewa 1994 ulikuta saratani ya mapafu imeongezeka kwa wavutaji sigara waliomeza beta-karotini.

Tahadhari

Karafuu ya pilau haina neno. Mafuta yake ni habari nyingine: mtoto akiyanywa, hata kidogo, ini laweza kuharibika.